Bustani Ndogo Ndani ya Nyumba, Pasipo Udongo

Wote wanaokaa Goma wanajua taabu ya kutafuta udongo. Mlima wa Nyiragongo ulimwaga moto wake mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukateketeza nyumba kwa maelfu, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, hata ukaingia katika ziwa Kivu. Moto ulipopoa ukawa jiwe jeusi. Watu wakarudi, wakajenga juu ya jiwe lile lile. Nyumba husimama vizuri juu ya jiwe, lakini mboga hazikubali. Mwenye kutaka bustani hununua udongo kwa magunia, ama huacha, akategemea soko. Na siku barabara zinapofungwa, bei hupanda, na watoto hubaki na ugali mtupu.

Kwa hiyo twataka kuwaeleza habari ya bustani inayotosha juu ya meza, isiyohitaji hata konzi moja ya udongo. Ni mboga changa: mbegu huoteshwa juu ya kitambaa chenye maji, na miche yake hukatwa baada ya siku 7 hata 14, ikiwa na urefu wa kidole. Wako watakaocheka na kusema, mboga gani hiyo isiyo na shamba? Wako na wengine watakaoishangilia kupita kiasi, kana kwamba njaa imekwisha. Wote wawili twawaomba wasome hata mwisho.

MBEGU NI GHALA

Mtu aweza kuuliza: mmea utakula nini, kama hakuna udongo? Jibu ni kwamba kila mbegu ni ghala. Mama mmea ameweka ndani yake chakula cha kumtosha mtoto siku zake za kwanza. Siku hizo mche wahitaji maji, hewa na joto tu. Majani yakisha kutoka, wahitaji na mwanga. Ghala likiisha, ndipo mizizi hutafuta chakula cha nje. Tena hata hapo si udongo wenyewe unaoliwa, bali chumvi zilizomo. Mwanachuoni Mdachi, Julius von Sachs, alionyesha jambo hilo mwaka 1860, alipokuza mimea ndani ya maji yaliyotiwa chumvi hizo.

Wakristu wanakumbuka mfano wa mpanzi katika Injili. Mbegu iliyoanguka penye mwamba iliota upesi, lakini jua lilipowaka ikanyauka, kwa kuwa haikuwa na mizizi. Ndivyo zilivyo mboga zetu hizi: huota upesi, na zikiachwa hunyauka. Sisi twazikata kabla ya kunyauka. Mboga yaweza kuwa hivyo. Mkristu asiwe hivyo.

FAIDA YAKE NI NINI?

Mbegu kavu haina vitamini C, ama inayo kidogo sana. Mtu aliyekosa vitamini hiyo muda mrefu, fizi zake hutoka damu, meno hulegea, vidonda havifungi. Katika vita kuu ya kwanza askari wengi walipatwa na ugonjwa huo. Mwaka 1919 mabibi wawili wataalamu wa Uingereza, Harriette Chick na Marion Delf, walitangaza majaribio yao. Njegere na dengu kavu hazikuzuia ugonjwa huo; lakini zile zile, zikiloweshwa na kuachwa ziote, zilizuia. Basi, mbegu inapoamka hutengeneza ndani yake kitu ambacho haikuwa nacho.

Katika mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walipima aina 25 za mboga changa. Waliona kwamba nyingi zina vitamini kupita majani makubwa ya mmea ule ule, kwa uzito ulio sawa. Angalieni sana maneno hayo: kwa uzito ulio sawa. Konzi ya mboga changa ni nyepesi mno. Haiwezi kushika mahali pa chungu cha lengalenga au cha sombe, wala pa maharagi. Haishibishi. Kazi yake ni kuongeza uzima katika sahani ambayo isingekuwa na kitu kibichi, basi.

NAMNA YA KUFANYA

Chagueni mbegu za mboga ambazo majani yake yanajulikana kuwa chakula: lengalenga, kabichi, haradali, figili, njegere, na alizeti pia. Lengalenga yafaa kuliko zote kwa maskini, maana shuke moja lililokomaa hutoa mbegu kwa maelfu, na jirani mwenye shamba hatakunyima shuke moja.

Mbegu kubwa, kama njegere na alizeti, ziloweshwe usiku mmoja. Ndogo hazihitaji. Twaeni sinia au sahani pana iliyooshwa kwa sabuni, tandikeni kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, kimwagieni maji hata kilowe, lakini maji yasisimame. Tawanyeni mbegu karibu karibu, zisipandane. Funikeni kwa sahani nyingine, mwache gizani siku 2 au 3. Asubuhi na jioni funueni, mnyunyize maji kidogo.

Miche ikianza kusimama huwa na rangi ya manjano. Msiogope, maana haijaona mwanga. Ondoeni kifuniko, wekeni sinia karibu na dirisha, na kwa siku chache majani yatakuwa ya kijani. Goma iko juu sana, karibu mita 1,500, na usiku wake ni wa baridi. Kwa hiyo mbegu hukawia kidogo kuliko huko chini penye joto. Majani mawili ya kwanza yakisha kufunguka, kateni kwa kisu safi juu kidogo ya kitambaa. Mizizi na maganda wapeni kuku.

Wengi huona nyuzi nyeupe chini ya miche, wakatupa yote wakidhani ni ukungu. Tazameni vizuri. Nyuzi zinazouzunguka kila mzizi, zinazolala mara zikinyunyiziwa maji, ni nywele za mizizi, nazo ni njema. Ukungu hutanda kama utando wa buibui, kutoka mche hata mche, nao hunuka. Huo ndio wa kutupwa, pamoja na mboga zake.

HATARI TATU

Hapa twaomba akina mama na akina baba wasome polepole.

Ya kwanza ni mbegu zenye sumu. Si kila kinachoota huliwa. Mtama mchanga una sumu ya namna ya ile iliyomo katika majani ya muhogo. Kila mama wa Kongo anajua kwamba sombe hutwangwa na kupikwa sana kabla ya kuliwa; basi, asimpe mtoto miche ya mtama. Maharagi mekundu yaliyoota, yakiliwa mabichi, hutapisha na kuendesha. Lazima yachemke sana. Miche ya nyanya, ya biringanya na ya viazi vya kizungu msile kamwe.

Ya pili ni mbegu zilizotiwa dawa. Mbegu nyingi za kupanda huuzwa zikiwa zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, mara nyingi yenye rangi nyekundu au kijani. Hizo ni za shamba tu. Hata mkiziosha mara kumi, msizioteshe kwa kula.

Ya tatu, iliyo kubwa kupita zote, ni uchafu wa maji na wa mikono. Joto na maji vinavyoiamsha mbegu huamsha vilevile vijidudu. Mwaka 2011 huko Udachi mbegu za uwatu zilizooteshwa zilileta maradhi ya tumbo. Watu zaidi ya 3,000 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa. Nayo ni nchi yenye hospitali nyingi na mabomba ya maji safi. Sisi tutasemaje, tunaoteka maji ziwani? Hatukusahau mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma.

Kwa hiyo maji ya kulowesha, ya kunyunyiza na ya kuosha yawe yamechemka, yakapoa ndani ya chombo chenye kifuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mama mwenye mimba, mtoto mchanga, mzee na mgonjwa wasile mboga hizi mbichi. Kwao zitiwe ndani ya mchuzi unaochemka. Vitamini nyingine itapotea, ni kweli. Lakini afadhali kupoteza vitamini kuliko kumpoteza mtoto. Na nyumba isiyo na kuni wala makaa ya kuchemshia maji isianze kazi hii. Ikianza, italeta ugonjwa mahali pa afya.

KAZI YA JAMAA

Bustani hii haidai nguvu, yadai uaminifu. Ukisahau shamba siku mbili, shamba litakungoja. Ukisahau sinia siku mbili, utakuta mboga zimekufa. Ndiyo sababu yafaa jamaa yote igawane kazi. Baba achonge ubao wa kuweka masinia karibu na dirisha, wala asiseme kwamba mambo ya mboga ni ya wanawake. Mama aangalie maji na usafi. Watoto wanyunyize asubuhi kabla ya shule, na jioni kabla ya sala. Watajifunza kwa macho yao jinsi Mungu alivyofunga uzima ndani ya punje ndogo.

Anzeni na sinia moja. Likifaulu, baada ya siku 4 otesheni la pili, ili la kwanza likikatwa, lingine liwe linakuja. Na jirani akija kutazama, mpeni mbegu, mkamweleze na habari za maji yaliyochemka. Anayempa mwenzake mbegu asimwambie habari ya maji, amempa nusu tu, na hiyo nusu yaweza kumdhuru.