Mtama wa rubisi: nusa kabla hujatuma

Wadau, kuna mama wa Muleba nilimuuzia mtama wa rubisi kwa WhatsApp, madebe mawili, nikampakilia kwenye basi hapa Bukoba. Picha ilikuwa safi kabisa. Siku ya tatu anapiga: “Waitu mwanangu, rubisi yote inanuka ukungu, na harusi kesho!” Nikarudisha hela, na ndizi zake nikalipa.

Siku hizi nachota kiganja kimoja katikati ya gunia, sio juu, naweka kwenye kikombe, namwagia maji ya moto, nafunika dakika tano. Ukifunua, nusa. Mtama mzuri unanukia uji. Ukinuka ukungu usionje, huenda una sumukuvu, na kuukaanga hakuimalizi. Ukiwa safi ndo utafune punje kavu: ukakasi kidogo wa mtama mwekundu ni kawaida.

Yule mama kaagiza tena juzi. Debe moja tu, anasema anajaribu.