Jina la Ukoo wa Malhi Latoka Wapi?

Ndugu msomaji, mtu akikuuliza ukoo wako wamjibu mara moja. Akikuuliza jina hilo lilianza lini, utamjibu nini?

Wajat ni wakulima wa Punjab, nchi iliyogawanywa mwaka 1947 kati ya India na Pakistan. Kwa wengi wao, kama kwetu wengi, kijana haoi binti wa ukoo wake. Kwa hiyo jina la ukoo halisahauliki. Mmoja wa koo zao huitwa Malhi.

Wapo wasemao kwamba hao ni uzao wa Wamalava, watu wa vita wanaotajwa katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindi. Wayunani waliwaita Malloi. Arrian, aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, asimulia jinsi mfalme Alexander alivyorukia ndani ya boma lao, akapigwa mshale kifuani, akakaribia kufa. Hayo yalitukia yapata mwaka 325 kabla ya Kristo.

Basi, neno limekwisha? La. Majina yafanana masikioni, lakini imepita miaka zaidi ya 2,300, wala hakuna hati inayoonyesha nani alimzaa nani. Kufanana si kuzaliwa. Asemaye “labda” hamvunjii babu yake heshima. Abuniye ndiye amvunjiaye.

Nawe, msomaji, keti na wazee wako wangalipo. Andika wanayosema, uandike na jina la aliyesema.