Kidonge kilichobaki kabatini



Msafiri atokaye Mjini Zanzibar kuelekea kaskazini, akaipita Bububu na kuifuata pwani ya magharibi ya Unguja, hufika Mangapwani. Wageni huenda huko kulitazama pango lenye maji baridi, na chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa baada ya biashara ile kupigwa marufuku mwaka 1873. Leo hatumpeleki msomaji mapangoni. Tunampeleka ndani ya nyumba, kwenye kabati la mama, ambamo mara nyingi huwekwa vidonge viwili vitatu vya malaria vilivyobaki.

Tuichukue nyumba yoyote ya kijiji kile, au ya Kikwajuni, au ya Chake Chake. Mtoto aliugua, akapimwa, akapewa dawa ya siku tatu. Siku ya pili homa ikashuka, naye akatoka kucheza. Mama, kwa nia njema kabisa, akavihifadhi vilivyobaki, kwani dawa ni mali na hakuna ajuaye nani ataugua kesho. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Je, huko ni kuweka akiba, au ni kuharibu?

Mtume wetu (SAW) ametuhimiza tujitibu. Wanazuoni wetu wa tiba nao wakafahamu kwamba dawa haijulikani kwa kusifiwa bali kwa kujaribiwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Kanuni masharti ya kuijaribu dawa. Mojawapo ni kwamba ijaribiwe kwa mwanadamu mwenyewe, kwa sababu ikimfaa simba au farasi, hiyo si hoja kwamba itamfaa mtu. Hiyo ndiyo kazi ya watafiti wa dawa hadi leo, na imefanyika hapa hapa visiwani.

Kwa miongo mingi kimbilio letu lilikuwa klorokwini. Mwaka 1978 zikatoka taarifa za mwanzo barani Afrika, kutoka Kenya na Tanzania, za malaria isiyosikia dawa hiyo. Vimelea vikazidi kuizoea, hata ilipopimwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaonekana inashindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Mwaka 2001 Serikali ikaamua kuiacha.

Basi ipi ichukue nafasi yake? Mwaka 2002 na 2003 watoto zaidi ya 400 wenye umri chini ya miaka mitano walitibiwa kwa dawa mseto za aina mbili katika vituo vya Kivunge, Unguja, na Micheweni, Pemba. Hawakuachwa homa iliposhuka. Walifuatiliwa kwa siku 42, damu yao ikipimwa kila mara. Zaidi ya tisa katika kila kumi walipona. Mwezi Septemba 2003 dawa mseto ikaanza kutolewa bure katika vituo vya afya vya Serikali.

Matokeo yake yanastahiki shukrani. Kati ya mwaka 2002 na 2005, watoto wa umri huo waliolazwa kwa malaria walipungua kwa asilimia 77, na vifo vilivyohusishwa na ugonjwa huo vikapungua kwa asilimia 75. Haya yalikuwa kabla ya upigaji dawa majumbani na ugawaji mkubwa wa vyandarua ulioanza mwaka 2006.

Sasa turudi kabatini. Dawa hii huitwa mseto kwa kuwa ni dawa mbili zilizoungana. Ya kwanza imetokana na artemisinini, iliyopatikana katika mmea wa Kichina mwaka 1972, na mtafiti wake, Bibi Tu Youyou, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hii huua vimelea kwa haraka mno, ndiyo maana homa hushuka upesi. Lakini hudumu mwilini kwa saa chache tu. Ya pili huenda taratibu na hukaa siku nyingi, ikimalizia vile vilivyosalia.

Mtoto akikatishwa dozi siku ya pili, mshale wa kwanza umetupwa mara chache kuliko ipasavyo, na wa pili umeachiwa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Vimelea vinavyosalia ni vile vyenye nguvu. Mbu huvichukua na kuvipeleka kwa jirani. Na yule atakayepewa hivyo viwili vya kabatini siku nyingine, bila ya kupimwa, atapata nusu ya tiba, na pengine homa yake si malaria kabisa.

Tusidhani hatari hiyo iko mbali. Katika miaka ya karibuni watafiti wamethibitisha mkoani Kagera kuwapo kwa vimelea vilivyoanza kuihimili artemisinini, kama ilivyothibitishwa pia Rwanda na Uganda. Njia iliyopitiwa na klorokwini imeanza kukanyagwa tena.

Kwa hiyo, ndugu zetu, homa ikiingia nyumbani tumpeleke mgonjwa akapimwe. Akipewa dawa, aimalize siku zote tatu hata akiwa anacheza uwanjani. Akiitapika, au homa isiposhuka, arudishwe kituoni bila kuchelewa. Wala tusimgawie mwingine.

Wazazi wa Kivunge na Micheweni waliwatoa watoto wao wachomwe vidole, siku baada ya siku, ili sisi tupate dawa inayoponya. Dawa hiyo ni amana mikononi mwetu, na kuimaliza ni kuitimiza amana hiyo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutunza amana. Amin.