Je, Wajua? Gari Lililolala Baridini

Je, wajua kwamba baridi ya Julai pale Mbulu haiui betri? Muuaji ni joto. Gari lililokaa miaka Dar es Salaam hupanda mlima wa Dareda likiwa na betri iliyokwisha kuliwa ndani, ila pwani ilikuwa bado inatosha. Usiku mmoja wa baridi, oili ikiwa nzito na kemikali za betri zikifanya kazi polepole, ugonjwa wa siku nyingi hujitokeza. Betri iliyojaa chaji, ikipimwa alfajiri kabla ya kuwasha, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0, imekaribia kuisha.

Fundi anayeijua kazi huuliza kwanza: gari likishapata moto, linapona? Likipona, usimruhusu mtu afungue injini siku hiyo.

Je, wajua kwamba kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita nzima ya maji? Hutoka kama mvuke, na kwenye baridi ya Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, mvuke huo huonekana mweupe kwenye eksozi. Ukitoweka baada ya dakika chache, hauna neno. Lakini moshi mweupe wa injini ya dizeli unaochoma macho na kunuka mafuta ni dizeli isiyoungua. Tazama plagi za kupasha moto. Moja ikifa, silinda yake hukohoa mpaka joto la zile nyingine liifikie.

Sasa themostati, maana hapa ndipo wenye magari wanapoumizwa. Injini ikichemsha, mafundi wengi wa mikoa ya joto huing’oa themostati na kuitupa. Kifaa hiki hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Katika injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Kisipokuwepo, maji huzunguka yakiwa baridi tangu mwanzo, na kwenye nyanda za Mbulu injini inaweza kufika sokoni haijapata moto wake. Kompyuta ya gari husoma baridi hiyo na kuzidisha petroli. Plagi huvaa masizi meusi, gari linamisi, mafuta yanakwisha, na mwenye gari anauziwa plagi, kisha koili, kisha pampu. Mimi ningeanza na kifaa hicho cha bei ndogo.

Sensa ya joto la maji nayo hudanganya. Kwa Toyota nyingi, fundi mwenye mita hupata omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Omu zikibaki juu injini ikiwa ya moto, kompyuta inaamini ni alfajiri mchana kutwa.

Je, wajua kwamba kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa imepungua kwa moja ya tano hivi kuliko pwani? Gari la kabureta lililorekebishiwa Dar es Salaam hulewa petroli huku juu. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea ni hatari zaidi mlimani.

Petroli ya dumu? Huenda ina maji. Maji ni mazito kuliko petroli na hata dizeli. Gari likilala, maji hayo hutuama chini ya tangi, karibu na mdomo wa pampu, ndiyo maana gari lililowaka vizuri jana jioni linakataa leo asubuhi. Kinga mafuta ya filta kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie, utaona mstari.

Na kama ni gari lenye disibuta na ukungu umeshuka, usisubiri kupambazuke. Fungua boneti gizani, mwenzako awashe, wewe simama kando mikono ukiwa umeificha. Waya za plagi zilizopasuka utaziona zenyewe: cheche za buluu zikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma.