Kurejea Chuoni Baada ya Likizo Kubwa: Mwanafunzi kati ya Kiswahili cha Nyumbani na Kiswahili cha Darasani

Likizo kubwa ya vyuo vikuu vya Kongo huangukia katika majira ya ukame. Mpango huo ulirithiwa kutoka Ubelgiji, ambako Julai na Agosti ni miezi ya joto. Lakini mjini Lubumbashi, kwenye nyanda za juu za Katanga, miezi hiyo ni ya vumbi na ya usiku wa baridi. Ingawa kalenda ya masomo imesogezwa mara nyingi, mwisho wa likizo huendelea kuhusishwa na joto la Oktoba na mawingu ya mvua za kwanza. Hapo wanafunzi hurejea kutoka Likasi, Kolwezi, Kamina, Kalemie na kwingineko, na mabweni hujaa tena.

Kurejea huko huzungumzwa zaidi kwa habari za minervali, vyumba na ratiba za mitihani. Lakini lipo jambo jingine linalowahusu hasa wanaojifunza Kiswahili, nalo ni kwamba mwanafunzi anaporudi chuoni hubadili lugha. Kwa muda wa miezi miwili au mitatu amesema Kiswahili cha nyumbani, cha sokoni na cha ibada. Akifika darasani hukuta Kifaransa katika masomo karibu yote. Na katika somo la Kiswahili lenyewe hukuta Kiswahili sanifu, ambacho wenyeji wa Lubumbashi wamezoea kukiita Kiswahili bora.

Jina hilo lina uzito wake. Kama kimoja ni bora, kingine huonekana kuwa duni. Kwa hiyo ni vema kueleza tofauti zenyewe zilivyo.

Mtu wa Lubumbashi husema: «Banafunzi banarudia ku masomo.» Kwa Kiswahili sanifu ingesemwa: «Wanafunzi wanarudi shuleni.» Tofauti ya kwanza ni kiambishi ba- mahali pa wa-. Kiambishi hicho si kosa la ulimi. Ndicho kinachotumika kwa wingi wa watu katika Kibemba, Kiluba na Kisanga, lugha ambazo wenyeji na wafanyakazi wa migodi walizisema kabla ya Kiswahili kuenea katika kambi za kazi. Vivyo hivyo mutu na mutoto zimehifadhi irabu ambayo usanifu umeiangusha katika mtu na mtoto, lakini umeiacha katika neno kama muumba.

Tofauti ya pili ni ku masomo. Katanga hutumia ku, mu na pa mbele ya jina ili kuonyesha mahali, ambapo Kiswahili sanifu huweka -ni mwishoni. Hata hivyo Kiswahili sanifu hakikuvipoteza viambishi hivyo vitatu, kwani vimo katika upatanisho: nyumbani kwangu, nyumbani mwangu, nyumbani pangu. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeshindwa kutofautisha semi hizo tatu anaweza kusaidiwa na lugha ya mama yake, maana tofauti hiyohiyo ya ku, mu na pa huitumia kila siku.

Tofauti ya tatu ni ya maana. Huko Katanga neno masomo hutaja pia shule yenyewe, mahali pa kusomea. Na likizo huitwa konji au vakansi, kwa maneno yaliyotoka katika Kifaransa. Msamiati huo nao una historia yake, kama vile maneno ya Kiarabu yalivyo na historia yake katika Kiswahili cha pwani.

Mambo haya yasipoelezwa, mwanafunzi hupata aibu mara mbili. Darasani husahihishwa kana kwamba hajui lugha aliyozaliwa nayo. Na likizo inapofika, akisema wanafunzi na shuleni mbele ya jamaa zake, huonekana kuwa anajivuna. Matokeo yake ni kwamba wengine hukimbilia Kifaransa kotekote, nyumbani na chuoni, na lugha iliyopaswa kuwaunganisha na wazee wao hubaki bila msemaji aliyesoma. Hasara hiyo ni kubwa katika nchi ambayo Katiba yake ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba.

Kwamba Kiswahili cha nyumbani chaweza kubeba elimu, ushahidi upo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo, si kwa Kiswahili bora. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na tangu hapo wataalamu wa historia na wa isimu wamekuwa wakiisoma. Kazi iliyoandikwa na watu wasio na shahada imekuwa kitabu cha wenye shahada.

Kwa sababu hiyo majuma ya kwanza baada ya likizo yafaa kuangaliwa kwa jicho jipya. Mwanafunzi anayetoka Kalemie au Kamina huja na methali, majina ya zana, hadithi na namna za kusema alizozisikia kwa miezi kadhaa. Mwalimu akimtaka aziandike kama zilivyotamkwa, kisha azilinganishe na Kiswahili sanifu, atakuwa amemfundisha sarufi mbili kwa pamoja, na chuo kitakuwa kimepata hazina ambayo haipatikani katika maktaba yake. Kiswahili sanifu ni lazima kifundishwe, kwa kuwa ndicho kinachomfungulia mwanafunzi vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi. Lakini hakihitaji kusimama juu ya aibu ya Kiswahili cha nyumbani. Mwenye kurudi chuoni na lugha mbili amerudi na mali. Kazi ya chuo ni kumwonyesha jinsi ya kuihesabu.