Maji Mageni, Chambo Gani?
Mashauri kwa vikundi vya wavuvi wa mshipi



Safari hii twataka kuzungumza na vikundi vya wavuvi, pamoja na akina mama wanaonunua samaki na kuwakaanga, kwa sababu jambo lenyewe lagusa mifuko yao wote.

Siku hizi vikundi vingi vya pwani yetu, kuanzia Diani mpaka Vanga, vinatoka kuvua nje ya mwamba au kuhamia maji ya jirani. Sababu twaijua: ndani ya mwamba wavuvi ni wengi na samaki wamepungua. Kutoka si vibaya. Lakini mvuvi wa Gazi anayejua kila jiwe la Gazi, akifika maji ya Shimoni ni mgeni kama mtu wa bara. Basi aanzie wapi? Achukue chambo gani?

YALIYOWAPATA WENZETU

Kikundi kimoja cha kusini mwa Msambweni kilichanga pesa kwa miezi mingi, wanaume na wanawake. Wakanunua mashine ndogo ya mashua. Pesa zilizobaki wakanunulia chambo bandia, ngisi wa plastiki na manyoya ya rangi rangi, kama walivyoona kwenye mashua za wageni wanaokuja Shimoni kuvua samaki wakubwa wa mkondo wa Pemba.

Siku ya kwanza walirambaza tangu alfajiri mpaka adhuhuri, hakuna kitu. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu walipata mzia mmoja, na wa pili akakata mshipi kwa meno akaenda zake na chambo. Petroli ikaisha. Ndipo maneno yakaanza: nahodha hajui kazi, chambo ni kibovu, kuna mtu anatuonea kijicho. Mmoja akashauri waazime juya wakokote ndani ya mwamba, ingawa wote walijua kwamba juya la kukokota limekatazwa na sheria.

Aliyewatoa kwenye shida hiyo ni mama karanga mmoja, mwanachama wao. Aliuliza hivi: "Nyinyi mwatafuta samaki gani? Hawa changu ninaonunua kwa wavuvi wa maji yale, nikiwapasua matumbo nakuta vipande vya kaa na kombe. Samaki anakula chini, nanyi mwampitishia manyoya juu. Atayaonaje?"

Watu wakanyamaza. Safari iliyofuata walitia nanga, wakateremsha mishipi mpaka chini kwa vipande vya pweza. Walirudi na changu wa kulipia petroli na wa kubaki. Hawakutajirika, lakini kikundi hakikuvunjika.

Hatusemi chambo bandia hakifai. Twasema kila chambo kina samaki wake, mahali pake na saa yake.

1. ANZA NA TUMBO LA SAMAKI

Kabla ya kununua chochote, nendeni kwenye bandari ya maji yale mgeni mnayotaka kuvua. Ulizeni wazee. Kuuliza si ujinga. Kisha waulizeni akina mama wanaopasua samaki, maana wao wanaona kila siku kile ambacho mvuvi hakioni. Kilichomo tumboni ndicho chambo.

Kwa kawaida mtakuta hivi:

Changu hutembea juu ya mchanga na majani ya bahari, karibu na matumbawe. Hula kaa, kombe na vidudu vya chini. Mpe pweza, ngisi, kamba au kaa, chini kabisa. Jioni na usiku mara nyingi hula vizuri.

Chewa hukaa pangoni peke yake akivizia. Akimeza hurudi shimoni mara moja, na mshipi ukasagika kwenye jiwe. Mshipi uwe mnene, na ukimsikia mvute papo hapo umtoe chini. Usingoje.

Kolekole hufukuza samaki wadogo ukingoni mwa mwamba na milangoni maji yanapokwenda mbio. Huyu hula samaki mdogo aliye hai, na hudanganyika pia kwa chambo bandia kinachokimbia.

Nguru na mzia hukimbiza samaki wadogo katikati na juu ya maji. Hawa ndio wa kurambazia. Meno yao ni makali, kwa hivyo weka kipande kifupi cha waya kabla ya ndoana.

Tasi na pono hula majani na mimea ya kwenye mawe. Usijisumbue kuwarushia chambo kinachong'aa. Tasi ni wa dema.

2. CHAMBO BANDIA HUFANYAJE KAZI?

Chambo bandia hakina harufu wala ladha. Kazi yake ni kumdanganya samaki mwindaji kwa mwendo, mng'ao na mtikisiko. Kule Ziwa Naivasha kuna samaki wa Kimarekani aitwaye basi, aliyeletwa mwaka 1929. Wanaomvua hurusha chambo bandia kando ya majani, kwa sababu yeye hujificha pale akivizia wadogo wanaopita. Chewa na kolekole wa kwetu wana tabia ya jamaa hiyo: hukaa mpakani. Basi ukifika maji mageni, tafuta mpaka, yaani pale mwamba unapokutana na mchanga, kina kifupi kinaposhuka kuwa kirefu, au maji machafu ya mto yanapogusana na maji safi. Katikati ya uwanja mtupu utachosha mkono bure.

Kuhusu rangi, msitoe pesa nyingi. Rangi nyekundu ndiyo hupotea kwanza majini. Ukishuka mita kumi hivi, nyekundu yaonekana kama nyeusi. Muuzaji akikuambia nyekundu ndiyo inayopendwa na samaki wa chini, ujue anauza tu. Angalieni zaidi maji yenyewe:

Maji safi, kama wakati wa kaskazi: mshipi mwembamba, chambo kidogo chenye mng'ao wa fedha kama dagaa.

Maji ya udongo, kama baada ya mvua za masika ambapo mito ya Mkurumudzi, Ramisi na Umba huleta matope: samaki haoni mbali. Tumieni chambo cha kweli chenye harufu. Kama ni bandia, kiwe kikubwa, cheusi, chenye kutikisika.

Na si lazima kununua. Manyoya meupe ya kuku yakifungwa juu ya ndoana pamoja na nyuzi za gunia kuukuu hufanya kazi. Bapa la kijiko cha zamani, likitobolewa tundu mbili na kusuguliwa ling'ae, huyumba majini kama samaki aliyejeruhiwa. Kirambazeni kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kikizunguka kama pia bila kuyumba, mwendo ni wa kasi mno, na mshipi utajisokota.

3. JUENI CHINI KUNA NINI

Wazee walipaka sabuni au mafuta mazito chini ya chubwi, wakaliteremsha. Likipanda na mchanga, chini ni mchanga. Likipanda safi lakini limekwaruzika, ni jiwe. Njia hii haina gharama na hata leo yafaa. Pimeni na kina kwa pima za mkono.

Mkipata mahali pazuri, pigeni alama kwa vitu vya nchi kavu: mnazi mrefu ulingane na mnara, na upande wa pili ncha ya kisiwa ilingane na kilima. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo. Wenye simu inayoonyesha mahali wanaweza kuhifadhi humo pia, lakini simu hulowa na kuzimika. Alama za macho hazizimiki.

4. MAJI NA UPEPO

Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huenda kwa nguvu. Milangoni samaki wadogo hubebwa nje maji yakipwa, na kolekole huwangoja hapo. Ni wakati mzuri wa kurambaza. Lakini mshipi wa chini hulala upande na chubwi haligusi. Kwa uvuvi wa chini kwenye kina, maji mafu ni rahisi zaidi.

Ndege wakijitupa majini kwa wingi, chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna wakubwa. Pitisheni chambo kandokando. Mkipita katikati mtawatawanya.

Kuhusu upepo hatuna mzaha. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, bahari hutulia. Kusi, tangu Aprili au Mei mpaka Septemba, huwa na mawimbi makali nje ya mwamba. Kikundi kisijaribu maji mageni kwa mara ya kwanza wakati wa kusi. Sikilizeni utabiri wa hali ya hewa, kila mtu avae jaketi la kujiokolea, na mwacheni mtu pwani anayejua mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Samaki watakuwepo kesho. Baba wa watoto ni mmoja.

5. JARIBUNI KWA BUSARA

Safari tatu za kwanza ni za kujifunza, si za kutajirika. Kubalianeni mapema kikundi kitatumia kiasi gani. Tuseme mna shilingi 6,000. Msizimalize siku moja. Wekeni 2,000 kwa kila safari, mafuta na chambo ndani yake. Zikiisha, rudini mketi mjadiliane.

Mkiwa baharini, wekeni mishipi mitatu: mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu, kila mmoja na chambo chake. Ngojeni nusu saa. Usipoguswa, badilisheni kitu kimoja tu: ama kina, ama chambo, ama mahali. Mkibadilisha vyote pamoja hamtajua ni kipi kilichosaidia.

Katibu awe na daftari. Aandike tarehe, mwezi uko wapi, maji yajaa au yapwa, maji safi au machafu, mahali, kina, chambo, na kilichopatikana. Hata siku ya kutopata iandikwe. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mali kuliko mashine.

6. HESHIMA YA MAJI YA WATU

Maji mageni yana wenyewe. Mkifika, jitambulisheni kwa kamati ya usimamizi wa bandari, ile iitwayo BMU, iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Ulizeni ni wapi wenyeji wamefunga ili samaki wazaane. Kumbukeni kwamba ndani ya Hifadhi ya Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa. Mpunguti, jirani yake, uvuvi wa kienyeji waruhusiwa.

Msitumie ndoana ndogo kupita kiasi. Kwa ndoana za kawaida za dukani, namba ikipanda ndoana inapungua: namba 6 ni kubwa kuliko namba 12. Ndoana ndogo huleta watoto wa samaki. Na chewa ana ajabu yake: aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua baadhi hugeuka madume. Mkimaliza wakubwa wote, mmemaliza madume. Mshipi uliokatika pia msiutupe majini. Kasa hunaswa humo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua samaki wetu wanakula nini? Je, tumewahi kuwauliza akina mama karanga?

2. Mara ya mwisho tuliporudi mikono mitupu, tulibadilisha nini? Au tulilaumiana tu?

3. Wageni wakija kuvua maji yetu, twapenda watutendee vipi? Je, sisi twafanya hivyo kwa wengine?

Jadilianeni, mjaribu, na mwandike kwenye daftari lenu. Twawatakia safari njema na kurudi salama.