Sindano ya miezi mitatu: hedhi ikikatika, uzazi haujapotea

Mwanamke amechomwa sindano ya kupanga uzazi, miezi inapita, hedhi haionekani. Hapo maswali yanaanza nyumbani na kwa majirani: damu inajazana tumboni? Kizazi kimefungwa? Kuna wanaoacha sindano kwa sababu ya woga huo, kisha wanashika mimba ambayo hawakuipanga.

Dawa iliyo ndani ya sindano hiyo inaitwa medroksiprojesteroni. Imetengenezwa kwa kuiga projesteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea baada ya yai kutoka, na kwa wingi zaidi akiwa na mimba. Kuna aina mbili: Depo-Provera, miligramu 150, inayochomwa ndani ya msuli, na Sayana Press, miligramu 104, inayochomwa chini ya ngozi. Sayana Press ina sindano fupi iliyounganishwa na dawa yake, na mwanamke aliyefundishwa na muuguzi anaweza kujichoma mwenyewe. Shirika la afya duniani, OMS, liliunga mkono jambo hilo mwaka 2019.

Damu inaenda wapi?

Dawa hii inazuia yai lisitoke. Pia inafanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, na mbegu za mwanaume zinashindwa kupita. Utando wa ndani ya kizazi nao unabaki mwembamba. Hedhi ni utando huo unaobomoka na kutoka pamoja na damu. Usipojengeka, hakuna cha kutoka. Hakuna damu inayobaki tumboni.

Miezi ya kwanza, wengi huona damu kidogo kidogo bila mpangilio. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu hawaoni hedhi tena. Hiyo siyo ugonjwa.

Mimba itarudi?

Itarudi, lakini inakawia. Kwa wastani ni miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine ni zaidi ya mwaka. Anayetaka mtoto hivi karibuni aulizie njia nyingine, kama vile vidonge au kijiti cha mkononi, ambavyo vikiachwa uzazi hurudi haraka.

Sindano hurudiwa kila baada ya wiki 13. Kwa mama aliyekimbia vita na kukosa tarehe yake, OMS inasema anaweza bado kuchomwa akichelewa hadi wiki 4. Zaidi ya hapo, muuguzi ahakikishe kwanza kwamba hana mimba, na kondomu itumike kwa siku 7 baada ya sindano. Ni vizuri kuandika tarehe mahali ambapo haitapotea.

Nani asichomwe?

Mwenye kansa ya ziwa, presha ya juu sana, ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana, aongee na daktari kwanza. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa na kutangazwa mwaka 2024 ulihusisha kutumia sindano hii kwa zaidi ya mwaka mmoja na uvimbe wa utando wa ubongo. Uvimbe huo ni wa nadra, lakini maumivu ya kichwa yasiyoisha au macho kufifia yasipuuzwe.

Sindano hii haikingi virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Kwa hayo, kondomu bado inahitajika.